Hisabu ya Uuguzi Ulioachwa

Wanavyuoni wa Usuli wana suali moja ambalo wanafunzi wengi hulipita mbio, kwa kudhani kuwa ni mchezo wa maneno wa watu waliokuwa na wakati mwingi. Nalo ni hili: mtu akiacha kutenda, je, kule kuacha kwake ni kitendo, au ni utupu usiokuwa na chochote ndani yake? Aliyekaa kitako na huku nyumba ya jirani yaungua, amefanya jambo au hakufanya kitu? Walio wengi miongoni mwao wamejibu kuwa mja hakalifishwi ila kwa kitendo, na kuwa kujizuia na jambo unaloliweza ni kitendo cha nafsi, kwa hivyo kina hukumu yake kama vilivyo vitendo vya mikono. Wengine wamekhitalifiana nao. Hatukusudii kuyarudia mabishano hayo hapa, wala kurasa hizi hazitoshi. Twalitaja suali lenyewe kwa kuwa siku hizi laulizwa upya, na watu ambao hawakusoma Usuli hata siku moja, mahali ambapo sisi hatukulitazamia: kando ya kitanda cha mgonjwa hospitalini.

Mgonjwa aliyelazwa hudhurika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwa lililotendwa: amepewa dawa isiyokuwa yake, au amedungwa sindano mahali pasipo. Jambo hili lina alama, lina saa na lina mtu; jamaa hulilalamikia, na mahakama hulijua jina lake. Ya pili ni kwa lisilotendwa. Mzee amelala upande mmoja tangu adhuhuri hata alfajiri wala hakugeuzwa. Uji umewekwa juu ya meza mbali na mkono wake, ukapoa, ukaondolewa. Homa yake ilikuwa ipimwe saa nane za usiku, haikupimwa. Daktari amesema atembezwe hatua chache baada ya kupasuliwa, hakutembezwa. Mwanamke arudi kwake na chupa tatu za dawa, na hapana aliyemweleza ipi ni ya kabla ya chakula na ipi ni ya baada yake. Mambo haya hayapigi kelele. Siku ya nne mzee aonekana ana kidonda mgongoni, siku ya saba kichomi kimemshika, na siku ya kumi jamaa wamwosha huku wakisema ni kudura ya Mwenyezi Mungu. Ni kudura, hapana shaka, nasi twaiamini kheri yake na shari yake. Lakini kuamini kudura hakujamwondolea mtu hisabu ya lililokuwa mikononi mwake, na lau kungemwondolea, hata mwizi angekuwa na udhuru.

Wenye elimu ya uuguzi wamelitafutia jambo hili jina na kipimo. Mwaka 2006 bibi mmoja, Beatrice Kalisch, mwalimu wa uuguzi katika Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, alitangaza aliyoyapata kwa kukaa na wauguzi wa hospitali mbili, makundi kwa makundi, na kuwauliza ni lipi waliachalo. Ajabu ni kuwa walimwambia. Walitaja mambo tisa: kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha kwa wakati wake, kumfundisha, kumtayarishia kurudi kwake, kumliwaza, kumsafisha, kuandika anywacho na kimtokacho, na kumtazama hali yake mara kwa mara. Kisha wakataja sababu, nazo ni saba: uchache wa watu, kuwatumia vibaya waliopo, urefu wa kazi yenyewe, kutosaidiana, kumwachia mwengine kazi bila ya kuifuatia, mazoea, na kukana. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2009, yeye na mwenzake walitoa orodha ya masuali ya kulipimia jambo hilo, nayo imetumiwa katika nchi nyingi tangu hapo.

Msomaji asizipite upesi zile sababu mbili za mwisho. Mazoea ni kuwa muuguzi siku ya kwanza alipokwenda zake bila ya kumgeuza mgonjwa, moyo ulimuuma njia nzima. Mwezi wa tatu hakumbuki tena kuwa kulikuwa na kugeuza. Na kukana ni kuwa haulizi kama jambo limefanywa, kwa kuwa akiuliza atajua, na akijua litamlazimu. Hizi si sifa za wauguzi peke yao. Aliyeacha sala ya alfajiri kwa mara ya kwanza ayajua mazoea ni nini, na mfanya biashara asiyetaka kuhisabu zaka yake mwisho wa mwaka akujua kukana. Tofauti ni kuwa hawa wa Marekani waliulizwa wakasema, nasi tukiulizwa twakasirika.

Sasa na turudi kwenye vitabu vyetu. Katika mlango wa jinai, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ataja katika Minhaji, kitabu kisomwacho katika darasa za pwani yetu yote, habari ya mtu aliyemfungia mwenziwe, akamnyima chakula na maji na kumzuia asivitafute, hata ukapita muda ambao mfano wake hufa kwa njaa, naye akafa. Huyo ni muuaji wa makusudi, ijapokuwa mkono wake haukumgusa. Lakini mwenye chakula akimnyima mwenye njaa ambaye hakumfungia, naye akafa, kwa madhehebu yetu ya Shafii ana dhambi kubwa wala halipi diya. Wamaliki wao ni wakali zaidi hapa. Wote wawili wameacha kulisha. Lililowatenga ni kuwa wa kwanza alimtoa yule mtu katika uwezo wake mwenyewe na uwezo wa watu wengine, akamweka chini ya mkono wake, kisha akauzuia mkono huo.

Mtu akisema kuwa hospitali ni mfano wa gereza atakuwa amedhulumu. Hapana mgonjwa aliyefungiwa humo, na wanaomhudumia wamtakia maisha. Mlango unaolingana zaidi na habari hii ni mlango wa wadia, yaani kitu kilichowekwa amana. Jamaa wamempeleka mtu wao, hospitali imempokea na kumwandika kitabuni, kengele ikagonga, jamaa wakaambiwa watoke. Tangu saa hiyo yeye ni amana katika mkono uliompokea. Na mwenye kupokea amana, kama ijulikanavyo, hana dhamana ikiharibika pasi na taksiri yake. Lakini walipoieleza taksiri ni nini, wanavyuoni waliyatia ndani yake mambo ya kuacha sawasawa na mambo ya kutenda. Aliyewekewa mnyama akaacha kumlisha hata akafa, ana dhamana. Aliyewekewa nguo za sufi yampasa azitoe upeponi ili zisiliwe na nondo, na zikiwa zahitaji kuvaliwa ndipo zisiharibike, azivae. Akizifunga sandukuni zikaliwa, alipa. Wala haimfai kusema, "Mimi sikuzigusa," kwani kosa lake ni hilohilo la kutozigusa.

Tazama jinsi sharia ilivyokuwa makini. Imemkalifisha mtu kuzigeuza nguo za mwenziwe upeponi. Je, mwili wa mwana-Adamu asiyeweza kujigeuza, ambao desturi ya wauguzi ni kuugeuza kila baada ya saa mbili au karibu ya hizo, una haki ndogo kuliko joho?

Na katika mlango huohuo mna mas'ala mengine ambayo sisi twayaona ndiyo ufunguo wa habari yote. Aliyewekewa mnyama na hakupewa malisho, afanyeje? Hakulazimishwa kutoa mfukoni mwake daima. Lakini pia hakupewa ruhusa ya kunyamaza na kumtazama akikonda. Amrudie mwenye mnyama au wakili wake amdai malisho. Asipowapata, aende kwa hakimu. Akiisha kufanya hivyo ametoka katika lawama, na jukumu limewaendea wenye kutoa. Akinyamaza, amebaki nalo.

Kupima uuguzi ulioachwa ni huko kwenda kwa mwenye mali. Muuguzi, au mkubwa wa wadi, au hospitali nzima, yasema kwa hisabu: tumepokea kadha, malisho yetu ni kadha, na hivi ndivyo vilivyokosekana. Bila ya kipimo hakuna madai, kuna manung'uniko tu, na manung'uniko hayajamlazimisha mweka hazina yeyote kufungua kasha.

Lakini kitu kisichofanywa hupimwaje? Mwenye kupima nguo ana nguo mkononi. Njia ya kwanza ni kumuuliza muuguzi mwenyewe. Uingereza waliulizwa wauguzi karibu ya 3,000 katika hospitali 46, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Katika kila wauguzi 100, 86 walisema kuwa katika zamu yao ya mwisho waliacha jambo moja au zaidi kwa kukosa wakati. Na nini kilichoachwa zaidi? Kuzungumza na mgonjwa na kumliwaza, walikitaja 66 katika 100. Kumfundisha mgonjwa na watu wake, 52. Kuandika na kutengeneza mpango wa uuguzi wake, 47. Ama kutuliza maumivu, walioacha walikuwa 7 tu, na matibabu yenyewe 11.

Hesabu hizi zina elimu ndani yake. Zaonyesha kuwa muuguzi aliyezidiwa haachi ovyo. Atanguliza lililo muhimu zaidi kisha lililo muhimu, kama wafundishavyo mafakihi pale wajibu mbili zinapogongana na wakati watosha mmoja. Atenganisha dharura na haja, na haja na pambo, naye hayo ayafanya usiku, amesimama, peke yake, bila ya mtu kumshukuru. Hiyo ni ijtihadi, nasi hatuoni kuwa yastahili kuitwa uzembe. Walakini lina khatari yake. Lililowekwa katika fungu la pambo halibaki pambo daima. Kugeuzwa mara moja ni raha. Kutogeuzwa siku tatu ni kidonda kilichofika mfupani. Na mgonjwa ambaye hapana aliyezungumza naye, ndiye ambaye hakumwambia mtu kuwa mguu wake umeanza kuvimba.

Njia hii ya kuuliza ina ila ambayo mwanafunzi yeyote wa elimu ya Hadithi ataiona mara moja: mpokezi aeleza habari ya nafsi yake. Huenda akaficha kwa haya, huenda akazidisha ili aongezewe wenzake, na lile alilolisahau kwa mazoea hawezi kulitaja kabisa. Kwa hivyo wengine wakaona bora kusimama na kutazama. Hapa kwetu Kenya kazi hiyo imefanywa, nayo yafaa ijulikane zaidi kuliko ilivyo. Kati ya mwaka 2017 na 2018, katika hospitali sita za Nairobi, watazamaji waliofunzwa walikaa katika vyumba vya watoto wachanga wagonjwa wakafuatilia watoto 216, zamu za saa kumi na mbili, wakiandika kila mtoto amefanyiwa nini na nini hakufanyiwa. Kabla ya hapo wajuzi wa kazi walikuwa wamekaa na kupatana juu ya kiasi cha chini ambacho mtoto wa hali kadha hapaswi kukikosa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Mengi yaliyopasa kufanywa hayakufanywa, na kila watoto walivyozidi juu ya muuguzi mmoja ndivyo kila mtoto alivyopungukiwa.

Kwa nini walichagua watoto wachanga, sisi hatuhitaji kuelezwa. Mtu mzima akiachwa hupiga kelele, hugonga kitanda, humtuma mtoto wake amwite daktari. Mtoto wa siku mbili hana shahidi. Akipoa mwili hatetemeki. Akikosa maziwa, baada ya muda hata kulia huacha, na utulivu ule asiyejua huudhania kuwa ni usingizi mzuri.

Je, kuacha huku kwaua, au ni habari ya raha na taabu tu? Mwaka huohuo wa 2014 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya, juu ya wagonjwa zaidi ya 420,000 waliopasuliwa. Kila alipozidishiwa muuguzi mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 ulizidi kwa sehemu 7 katika 100. Na mwaka 2018 ukafuata uchunguzi mwengine wa nchi hizohizo tisa, ukaonyesha kuwa palipozidi uuguzi ulioachwa ndipo palipozidi kufa: kuacha kukizidi kwa 10 katika 100, uwezekano wa kifo huzidi kwa 16 katika 100. Hatusemi kuwa kila aliyekufa alikufa kwa kuachwa, wala wenye utafiti hawakusema hivyo. Ajali imeandikwa. Twasema kuwa jambo ambalo likiongezeka vifo huongezeka haliwezi tena kuitwa habari ya raha.

Wako wauguzi, na watu wema wengine, wachukiao kipimo hiki. Hoja yao yastahili kusikilizwa. Wasema: uuguzi ni huruma, na huruma haipimwi kwa orodha. Ukimwekea muuguzi orodha ya mambo tisa, atayafanya yale tisa, na la kumi, ambalo ni uso mkunjufu, atalisahau. Tena wasema: ukisimama mtazamaji pembeni, kila mtu hugeuka mwema kwa saa zile, na hiyo ni riya. Na mwisho: ukidai karatasi iliyojazwa utapata karatasi iliyojazwa, kazi ifanywe isifanywe.

Hoja ya riya ina nguvu machoni pa mwenye dini, lakini tukiipima vyema twaona kuwa yahusu thawabu za muuguzi, wala haigusi haki ya mgonjwa. Muhtasibu wa zamani aliyezunguka sokoni hakuuliza nia za watu. Kitabu cha Shayzari cha karne ya 12, kilichoeleza kazi ya muhtasibu, chawataja matabibu pamoja na waokaji mikate na wachinjaji, na katika habari ya matabibu mna desturi hii: tabibu aandike alilomwamuru mgonjwa, awape nakala watu wake, na mgonjwa akifa wazipeleke nakala zile kwa mkubwa wa matabibu azitazame, akiona pana taksiri awaambie wakadai diya. Hapo hapana suala la moyo wa tabibu. Mwuza ngano aliyejaza pishi kwa kumwogopa muhtasibu hana thawabu za ikhlasi, lakini mnunuzi amekwenda kwake na pishi kamili. Sura ya Almutaffifina, ambayo watoto wetu huihifadhi vyuoni, imewaonya wenye kupunja kipimo wanapowapimia watu na kukitimiza wanapojipimia nafsi zao. Na haki iliyopunjwa hurudishwa kwa kupimwa tena, haingojei moyo wa mpunjaji utakasike.

Hoja ya karatasi ndiyo nzito zaidi, nasi hatuna la kuitia kapuni. Kuandika kuwa mgonjwa amepimwa homa saa nane, na hakupimwa, ni ushahidi wa uwongo, na ni mbaya kuliko kuacha kupima, kwa kuwa daktari wa asubuhi atajenga juu yake. Yule aliyeacha sanduku halijajazwa amemwambia daktari kweli. Lakini tuulize: ni nani aliyemfundisha muuguzi kuogopa sanduku tupu? Pale ambapo kila tupu huadhibiwa hujazwa uwongo, na pale ambapo tupu hupokewa kama madai ya malisho hubaki tupu. Kwa hivyo kipimo kikishikwa na mtu mwenye fimbo hufisidika siku ileile. Hili si jambo la wauguzi tu. Sisi walimu wa vyuo twaijua orodha ya mahudhurio ya wanafunzi na jinsi ijazwavyo mkaguzi akitarajiwa.

Nani basi mwenye dhamana? Twamwona mtu akitoka hospitalini akiwatukana manesi, kuwa ni wakali, kuwa huzungumza na simu, kuwa hawasikii. Wako wa hivyo, wala hatuwatetei. Asiyefanya lile analoliweza ana dhambi ya taksiri, awe na wagonjwa wawili au arobaini. Lakini uwezo ni sharti ya taklifu. Muuguzi aliyekabidhiwa wagonjwa ambao lau angempa kila mmoja robo saa kwa zamu saa zingemwishia kabla hawajaisha, hakalifishwi kuwatimizia wote. Akalifishwa kutanguliza kwa haki, na kusema. Akisema na asisikizwe, dhambi imepanda ngazi. Yapanda mpaka wapi? Kwa Katiba ya mwaka 2010, na tangu mwaka 2013 ilipotekelezwa, hospitali nyingi za nchi hii zi mikononi mwa serikali za kaunti, ambazo huchaguliwa kwa kura zetu. Huyo ndiye wakili wa mwenye mnyama aliye karibu yetu kabisa.

Na asije akatuambia mtu kuwa wauguzi hawapatikani. Mwezi wa Julai mwaka 2021 serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitiliana sahihi mapatano ya kuwapeleka huko wauguzi wa Kenya waliosoma na kukosa kazi. Mtu kutafuta riziki yake halali popote hapana ubaya, nasi twawaombea kheri. Linalotushangaza ni nchi moja kuwa na vitanda visivyokuwa na wauguzi, na wauguzi wasiokuwa na vitanda, na waliokaa baina yao wakawa hawaoni aibu. Wauguzi wa hospitali za serikali walipogoma mwaka 2017, kuanzia Juni mpaka Novemba, watu wote walipiga ukelele, kwa kuwa kuacha kule kulikuwa kuzima na kwa siku moja. Kuacha kwa robo na kwa thumni, kila usiku, mwaka baada ya mwaka, hakukumwamsha mtu. Na ukijumlisha thumni hizo hatujui kama zitakuwa pungufu.

Enyi ndugu zetu, lipo pia fungu letu, nalo lina ugumu wake. Desturi ya mji wetu ni kuwa mgonjwa haachwi peke yake. Mama hukaa na mwanawe, dada huleta uji, mtoto wa kiume humwosha babake na kumgeuza. Haya ni mema makubwa, wala hatutaki yapungue hata kidogo. Lakini yana athari ambayo watu hawaifikiri: hulifunika pengo. Mwenye hisabu akija asubuhi akamkuta mgonjwa msafi na amekula, huandika kuwa uuguzi umetimia, na kaunti huona kuwa idadi ya wauguzi yatosha. Kwa hivyo kipimo cha haki kingetenga lililofanywa na muuguzi na lililofanywa na jamaa, yaandikwe mbalimbali.

Lisipotengwa, anayebeba hasara ni mtu mmoja tu, yule asiyekuwa na jamaa: baharia aliyeshushwa bandarini na homa, bibi kizee ambaye wanawe wamekufa, kijana wa mbali aliyekuja kutafuta kibarua. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi, bila ya kukusudia uovu, amezoea kuwa fungu la kazi yake lafanywa na jamaa; na pasipo jamaa hapana ajuaye kuwa pana fungu lililobaki. Kuwauguza watu hawa ni faradhi kifaya. Likikosa mwenye kulifanya, dhambi haiishii mlangoni mwa hospitali, yauzunguka mji mzima. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki, Mtume (S.A.W.) aliamuru apigiwe hema msikitini ili apate kumzuru kwa karibu, na bibi Rufaida wa kabila la Aslam ndiye aliyekuwa akiwauguza majeruhi. Saad alikuwa bwana wa watu wake, na jamaa alikuwa nao.

Sisi hatuna hema, lakini twaenda hospitalini kila wiki kuwazuru wetu. Twapendekeza kuwa atakayekwenda apite na kitanda cha jirani kisichokuwa na mtu, amuulize mgonjwa kama amekula na kama amegeuzwa, na akiona hawezi kujibu amwite muuguzi kwa adabu na kumsaidia ikiwa atakubali. Kisha, badala ya kuwashitaki manesi barazani, amwendee mkubwa wa wadi amuulize mambo mawili: usiku wa jana muuguzi mmoja alikuwa na wagonjwa wangapi, na ni yepi yaliyobaki bila ya kufanywa. Ayaandike pamoja na tarehe, ampelekee diwani wa wadi yake katika baraza la kaunti, na arudie mwezi ujao. Idadi ya wagonjwa na idadi ya wauguzi wa zamu si siri ya mgonjwa yeyote, na mkubwa wa wadi aweza kuitaja bila ya kufichua ugonjwa wa mtu.